Kuku Wangu Ana Kamera, Mimi Sina Anwani

Nimefunga kamera bandani nijue nani anamaliza mayai. Nikiwa nyumbani, picha safi: nimesimama mlangoni mwa banda, tetea namwona kwa macho, namwona tena kwenye simu. Nikifika kazini Kariakoo, kiduara kinazunguka mpaka chai inapoa.

Fundi akasema, "Bosi, fungua poti, ule mlango wa mawasiliano, kwenye ruta, kisanduku chako cha intaneti." Jumapili nzima nimepiga magoti chini ya dirisha, tochi mdomoni, nasoma nywila kwenye stika iliyobandikwa tumboni mwa ruta. Poti nikafungua. Nikafungua na nyingine ya akiba. Kiduara kikaendelea kuzunguka.

Kijana wa jirani akaniuliza, "Shikamoo mzee, ruta inasema anwani yako ya nje, ile namba yako ya intaneti, ni ipi?" Nikamsomea: inaanza na 100.72. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kumbe 100.64 hadi 100.127 zilitengwa mwaka 2012 ili kampuni za intaneti ziwapange wateja ndani kwa ndani, maana anwani za aina ya zamani ni kama bilioni 4.3 tu dunia nzima. Yaani nalipa kila mwezi, kumbe mimi mpangaji wa uani! Geti la barabarani ni moja, kaya kibao, na funguo anazo mwenye nyumba. Mimi nimefungua mlango wa chumba.

Na hii programu ya kamera inayojidai kuunganisha yenyewe? Hiyo ina mshenga, seva ya nje inayoiambia simu kamera iko wapi, na kamera simu iko wapi, halafu wote wapige hodi kwa pamoja. Geti likiona wa ndani ndiye aliyeanza kuita, mgeni anapita. Safi. Ila laini yangu ya simu, kila nikiita mtu mpya, inanitolea mlango mwingine. Mshenga wa watu anampeleka mgeni kwenye mlango niliotokea jana!

Ikabaki picha kuzungukia seva ya watu. Inafika imechoka, na bando limekwisha. Nikaomba anwani ya peke yangu. Huduma kwa wateja wakaniambia nizime ruta, niwashe.

Jana ikafunguka sekunde tatu. Mkono ukaingia kwenye kiota, una bangili ninayoifahamu, kisha kiduara kikarudi. Nikapiga simu nyumbani. Mama Hawa anasema mtandao unasumbua, hanisikii.