Chukudu na kuisukuma: je, ubongo una ghala mbili za maneno?

Chukua mgonjwa wa kiharusi hapa Goma, ubongo umeumia upande wa kushoto. Mwoneshe picha ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, anaitaja mara moja. Muulize kijana aliye pichani anafanya nini, neno "anaisukuma" linagoma kutoka. Wapo pia wa kinyume chake: wanasimulia inavyosukumwa na inavyobeba makaa, ila jina la chombo limewatoroka.

Mwaka 1993 watafiti wa ubongo Antonio Damasio na Daniel Tranel walieleza wagonjwa wa namna hiyo. Walioumia sehemu ya ubongo iliyo karibu na sikio la kushoto walishindwa majina ya vitu. Aliyeumia mbele, upande huohuo, alishindwa vitenzi. Wengi wakahitimisha kwamba nomino na vitenzi vina makazi tofauti.

Wapinzani wana hoja nzito. Kitu tunakijua zaidi kwa macho, kitendo kwa mwili unaotembea, kwa hiyo yawezekana tofauti ni ya maana, wala si ya sarufi. Tena mzigo haulingani. "Chukudu" ni neno tupu, lakini "anaisukuma" limebeba mtendaji, wakati na kitu chenyewe, na picha isiyotembea inamlazimu mtu akisie mwendo. Uchambuzi wa Gabriella Vigliocco na wenzake wa mwaka 2011 uliegemea huku: maana ikitenganishwa na sarufi, ule mpaka unafifia.

Mimi niko upande wao, ingawa kuna mfupa kooni. Mwaka 1991 Alfonso Caramazza na Argye Hillis walieleza wagonjwa wawili waliosumbuliwa na vitenzi, mmoja katika kusema tu, mwingine katika kuandika tu. Kama maana ya kitendo ndiyo iliyoharibika, mkono unaandikaje kile mdomo unachoshindwa? Jibu la kuniridhisha sijalipata.

Kwa familia inayomuuguza mzee, ubishi huu si wa maabara tu. Ukimpima kwa picha za vitu peke yake, aliyepoteza vitenzi anaonekana mzima. Ukimpima mama wa soko la Birere kwa Kifaransa alichokiacha shule ya msingi, unapima shule, hupimi ubongo. Kwake ningeanza na picha za kutwanga sombe (majani ya mihogo), kufua na kukaanga samaki wadogo waitwao sambaza, kisha nimwombe majibu kwa Kiswahili, kwa mdomo na, kama anaandika, kwa kalamu pia.