Risasi kwenye unga wa lishe: kikomo kianzie mwaloni (wanakoshushwa dagaa) au kwenye pakiti?

Unga wa lishe ni mchanganyiko wa uji wa watoto: nafaka, karanga na dagaa. Januari 2025 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitangaza viwango vya risasi, ile metali yenye sumu, kwa vyakula vya watoto walio chini ya miaka 2. Nafaka kavu za uji zimepewa mikrogramu 20 kwa kilo. Nafaka ghafi, kwa Codex (viwango vya kimataifa vya chakula), zinaruhusiwa kufika 200. Kwa hiyo msindikaji wa Mwanza anaweza kununua mtama halali kabisa, akausaga bila kuongeza chochote, na unga ukazidi kipimo hicho cha mtoto mara kadhaa.

Wanaodai unga wa lishe uwekewe kikomo kikali kama hicho wana hoja nzito. Mtoto mdogo hufyonza karibu nusu ya risasi anayomeza, mtu mzima takriban sehemu ya kumi tu, na kuchemsha uji hakuiondoi.

Wasindikaji nao hawalalamiki bure. Kikundi kidogo hakiwezi kulipia maabara kwa kila mkupuo. Pakiti ikipanda bei, mama wa Igoma atarudi mashine ya mtaani na mchanganyiko uleule, usiopimwa na yeyote. Tena sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka na karanga, iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Penye fedha ya kipimo kimoja, mahindi na karanga vipimwe sumukuvu kwanza.

Kikomo kiwekwe, lakini upimaji uanzie kwenye malighafi, hasa dagaa. Husagwa wazima: risasi hukaa mifupani, kadimiamu, metali nyingine yenye sumu, kwenye ini na figo. Wakianikwa mchangani hubeba na udongo, na ukishakaukia kwenye matamvua, kuwaosha hakuutoi wote. Chanja ya wavu iliyoinuliwa huzuia hilo mapema. Zebaki ya machimbo ya Geita inatisha wengi, ila hujilimbikiza zaidi kwa samaki wala samaki, kama sangara. Mchele ni suala jingine: mpunga wa majaruba huvuta sumu ya aseniki. Wali waweza kuupika kwa maji mengi ukayamwaga. Uji hauna nafasi hiyo, hivyo mchele upunguzwe, ulezi uongezwe.

Sampuli ndipo wengi wanapokosea. Kiganja kimoja kutoka juu ya gunia hakisemi lolote kuhusu shehena. Nafaka zipigwe bambo (chuma cha kuchomea gunia na kutolea sampuli) juu, katikati na chini, magunia kadhaa, zichanganywe vizuri, ndipo sehemu ipelekwe maabara. Vikundi vikinunua shehena moja, vigawane gharama ya cheti kimoja. TBS, Shirika la Viwango Tanzania, yenye jukumu la usalama wa chakula tangu 2019, ikubali cheti hicho, na unga uliosagwa upimwe mara chache kwa kushtukiza, kwa kuwa mashine nayo huweza kuongeza metali.