Vyumba 14 Zaidi: Makao ya Wazee Yakitaka Kupanuka, Halmashauri Inamsikiliza Nani?

Mwenye makao ya wazee huko England akitaka kuongeza vyumba, mlango wa kwanza anaobisha ni wa halmashauri, idara ya mipango miji. (Scotland na Wales zina taratibu zao, tuziache.) Anapeleka michoro, ripoti ya miti, ripoti ya magari na ada. Halmashauri inabandika tangazo kwenye nguzo ya karibu au inawaandikia majirani, na watu wanapewa siku 21 za kutoa maoni. Jengo likiwa dogo, uamuzi unatakiwa utoke ndani ya wiki 8. Likifika mita za mraba 1,000, wiki 13. Maombi mengi huamuliwa na maofisa wenyewe mezani. Yanayozua kelele hupanda kwenye kamati ya madiwani, ambako kwa kawaida mpingaji hupewa dakika chache tu za kusema na mwombaji naye zake.

Jambo hili linawagusa Waswahili zaidi ya wanavyodhani. Tangu Februari 2022, serikali ya Uingereza ilipofungua viza kwa wahudumu wa wazee, mpaka Julai 2025 ilipofunga mlango wa kuwaajiri kutoka nje, watu wengi wa Afrika waliingia kwenye kazi hii, na wa Afrika Mashariki wamo. Wao ndio wanaoogesha, wanaolisha, wanaogeuza wagonjwa kitandani saa tisa za usiku. Jengo likipanuliwa, kazi inapanuka nao wakiwa ndani. Lakini pitia faili la maombi ya namna hii uone ni mara ngapi utakuta barua ya mhudumu.

Nitumie mfano wa kubuni, ila wa aina inayojirudia karibu kila wilaya. Jumba la matofali mekundu la karne ya 19, lililokuwa la familia ya kitajiri, likageuzwa makao ya wazee. Wazee 28, ngazi nyembamba, lifti moja ya kizee kuliko baadhi ya wafanyakazi, vyumba kadhaa visivyo na choo. Mwenye makao anataka kujenga bawa, yaani sehemu mpya inayoungana na jumba, la ghorofa mbili upande wa nyuma, vyumba 14, kila kimoja na bafu lake. Bawa hilo litakalia karibu nusu ya bustani.

Hoja zake si za kupuuzwa. Sensa ya 2021 ilihesabu watu milioni 11 hivi wenye miaka 65 na zaidi katika England na Wales, zaidi ya asilimia 18 ya watu wote. Pia kuna hesabu ya ndani ambayo majirani hawaioni. Meneja ni mmoja, wazee wawe 28 au 42. Mpishi ni yuleyule, boila ni ileile, lifti ikiharibika bili yake ni ileile. Makao madogo yanabeba gharama za makao makubwa kwa mapato madogo, na mengi huishia kufungwa. Yakifungwa, mzee mwenye ugonjwa wa kusahau, aliyezoea njia ya kutoka kitandani mpaka mezani, anahamishiwa mji mwingine na kuanza upya akiwa hana tena uwezo wa kujifunza njia mpya. Choo cha chumbani nacho si anasa. Aliyewahi kumsindikiza bibi wa miaka 90 kwenye korido ya baridi akiwa na gauni la kulalia, huku wageni wa mwenzake wakipita, anajua heshima inavyopungua kwa hatua kumi tu.

Majirani nao wanaandika. Wanaandika sana. Na hapa ndipo mambo yanapopinda, kwa sababu nusu ya wanayoyaandika sheria hairuhusu yapimwe. Bei ya nyumba zao kushuka? Haihesabiki. Mandhari wanayoyaona kutoka jikoni? Hayahesabiki. Kwamba mwenye makao ni mtu wa pesa asiyesalimia? Hayo pia hayamo. Yanayopimwa ni mwanga (bawa likimkalia jirani dirishani), faragha (wa ghorofani wakiona ua wa mtu), miti iliyolindwa, kelele, magari, na kama jengo linaendana na mtaa, hasa mtaa wenyewe ukiwa eneo la hifadhi ya majengo ya kale. Barua mia moja za bei ya nyumba hazifui dafu mbele ya barua moja yenye kipimo cha dirisha.

Wapo wanaosema huu ni udhalimu kwa majirani. Sikubaliani nao. Halmashauri ingeanza kulinda bei za nyumba, hakuna makao ya wazee, shule wala zahanati ambayo ingejengwa karibu na watu wenye sauti. Yote yangesukumiwa kwa wasiojua kuandika barua za namna hiyo.

Ila kuna pingamizi moja la majirani ambalo huchekwa na halistahili kuchekwa: maegesho. Ripoti ya magari inayoambatana na maombi huonyesha kwamba makao ya wazee ni shwari, na ni kweli, wakazi hawaendeshi. Wastani wa siku nzima hutoka mdogo. Lakini siku ya makao ya wazee haina wastani. Penye zamu za saa 12, kati ya saa moja na nusu na saa mbili asubuhi wa usiku hawajaondoka na wa mchana wameshafika. Jioni ni vilevile. Kwa nusu saa hiyo magari ni maradufu, na sehemu za kuegesha zilihesabiwa kwa vitanda. Ongeza gari la dobi, la nepi za watu wazima, la taka za hospitali, na ambulensi ambayo haiulizi saa.

Sasa tazama jambo hilohilo kwa jicho la mhudumu. Ripoti itasema kituo cha basi kiko karibu. Kiko, ndiyo. Basi la Jumapili asubuhi katika miji mingi midogo huanza zamu ikiwa imeshaanza. Kwa hiyo wanaotoka mbali wanabanana wanne kwenye gari la mmoja wao na kuchangia mafuta, au mtu anatembea gizani kandokando ya barabara isiyo na njia ya miguu. Jirani anayelalamikia gari lililozibia geti lake na dada wa Mombasa aliyeliegesha hapo kwa kukosa pa kwenda wana shida moja. Halmashauri inaweza kuitatua kwa sharti la kibali: mpango wa usafiri wa wafanyakazi, gari dogo la kuwachukua kituoni, zamu zinazopishana kwa saa tofauti. Masharti ya namna hiyo sheria inayaruhusu na maofisa wanayajua. Tatizo ni ufuatiliaji, kwa sababu idara zenyewe zimepungukiwa watu, na sharti lisilokaguliwa ni karatasi.

Kuna kitu kingine kinachowachanganya watu. Makao yakiwa yamepewa alama mbaya na CQC, tume inayokagua huduma za afya na za wazee England, majirani hushangaa kuona ofisa wa mipango miji haitaji hilo kabisa. Sababu ipo: kibali cha ujenzi hufuata ardhi, si mtu. Mwenye makao wa leo anaweza kuuza mwakani, na bawa litabaki. Kumnyima kibali kwa sababu ya uendeshaji mbovu ni kama kuinyima nyumba paa kwa makosa ya mpangaji. Kwa hilo naona sheria iko sawa, hata kama inauma kwa mwenye mzazi mle ndani.

Ninaposita ni kwenye neno "uhitaji", ambalo kila mwombaji hulitanguliza. Uhitaji wa nani? England, mtu mwenye akiba na mali inayozidi pauni 23,250 anajilipia makao mwenyewe. Aliye chini ya hapo husaidiwa na halmashauri, kwa viwango inavyobishania mpaka senti. Mamlaka ya ushindani ya Uingereza ilichunguza biashara hii na mwaka 2017 ikaeleza kwamba wanaojilipia hutozwa kwa wastani asilimia 41 zaidi ya kile halmashauri inacholipa katika makao yaleyale. Basi mwekezaji anayejenga vyumba 14 vyenye bafu anamlenga nani? Hesabu ni rahisi. Wazee wa mji wanaweza kuongezeka na vyumba vikaongezeka, visikutane.

Ajabu ni kwamba halmashauri yenyewe imegawanyika. Sheria ya huduma ya 2014 inazitaka mamlaka zinazosimamia huduma za wazee zihakikishe kuna huduma za kutosha na za kuchagua katika eneo lao. Lakini sehemu nyingi za mashambani England zina ngazi mbili: ngazi ya kaunti inashika huduma za wazee, ngazi ya wilaya inashika mipango miji. Kwa hiyo kaunti inaweza kuandika kwamba vitanda vya makao vinatosha, kinachohitajika ni nyumba ndogo ambazo mzee anaishi mwenyewe na kupata msaada, halafu wilaya ikaitia barua hiyo kwenye mizani pamoja na ripoti ya popo (wanyama wanaolindwa kisheria) na ya miti na ikatoa kibali vilevile. Si kwamba wamedharauliana. Diwani wa wilaya hana mamlaka ya kuwapangia watu soko, na akikataa bila sababu ya mipango miji, mwombaji ana miezi 6 ya kukata rufaa kwa wakaguzi wa serikali kuu, na halmashauri inaweza kubebeshwa gharama. Madiwani wanalijua hilo vizuri, na utalisikia kwenye sauti zao wanapopiga kura.

Jirani hana rufaa hiyo. Kibali kikishatolewa, kilichobaki kwake ni mahakama kuu ndani ya wiki 6, kwa kasoro za kisheria tu, na mawakili si wa bei ya mtu wa kawaida. Mizani imeelemea upande wa mjenzi, na sioni sababu ya kulificha.

Hata hivyo jirani walau aliandikiwa barua. Wazee 28 waliomo ndani ndio majirani wa karibu kuliko wote. Watasikia nyundo na mashine kuanzia asubuhi kwa mwaka mzima au zaidi, baadhi yao wakidhani ni vita walivyovikimbia utotoni. Watapoteza nusu ya bustani. Kwenye mchoro bustani ni rangi ya kijani yenye maandishi "eneo la burudani". Kwa mtu mwenye ugonjwa wa kusahau, bustani ni mahali pekee anapoweza kutembea bila kufunguliwa mlango na mtu: anazunguka, anarudi pale pale, anazunguka tena, na mhudumu anapumua kidogo. Ikipunguzwa kuwa ukumbi wa mawe wenye viti vinne chini ya kivuli cha bawa jipya, mzunguko huo unahamia kwenye korido, na hasira zake zinaonekana jioni. Ofisa anaweza kulipima hilo, kwa sababu mazingira ya wanaoishi ndani ni jambo halali la mipango miji. Mara nyingi halipati zaidi ya aya moja ya ripoti, kwa kuwa hakuna aliyeandika kulihusu. Wazee hawaandiki, familia zao zinaogopa kumuudhi anayemtunza mama yao, na mhudumu ambaye viza yake imeshikwa na mwajiri huyohuyo hatathubutu.

Kwa hiyo, kama ningekuwa diwani kwenye kamati hiyo, mchoro wa kwanza ningeurudisha. Ningetaka bawa lisogezwe upande wa maegesho ya zamani, vyumba vishuke mpaka 9 au 10, bustani ibaki nzima na izungushiwe njia isiyo na ngazi, na zamu zipangwe kabla chumba kipya hakijapata mtu wa kulala. Maofisa hufanya mazungumzo ya namna hii kila wiki kabla maombi hayajafika kamatini, na waombaji wengi hukubali, maana kuchelewa kunawagharimu kuliko vyumba vinne. Mchoro huo ukija, nanyoosha mkono wa ndiyo, hata majirani wakijaa ukumbini. Ule wa vyumba 14 juu ya bustani, hapana, na wakate rufaa.