Mtoto akigombezwa shuleni, asihukumiwe tena nyumbani

Mtoto akirudi analia kwamba mwalimu kamgombeza, wazazi wengi tuna majibu mawili tu. La kwanza: "Lazima kuna kitu umefanya, mwalimu hawezi kukugombeza bure." La pili: "Huyo mwalimu kesho atanitambua!" Nimeyasikia yote mawili hapa Uyole, Mbeya, ninakoishi, nimeyasikia Mwanjelwa sokoni, na hata kwenye daladala ya Mbalizi. Ukiyatazama haraka yanapingana, lakini kasoro yake ni ileile: mkubwa ameshatoa hukumu kabla mtoto hajasikilizwa. Kwa jibu la kwanza, mtoto anagombezwa mara ya pili. Kwa jibu la pili anaongezewa hofu, maana kesho asubuhi ni yeye atakayekaa mbele ya huyo mwalimu, si wewe.

Mimi naamini jioni ya siku hiyo si ya kutafuta mkosaji. Nani kafanya nini, hilo litajulikana, na hata likijulikana kesho kutwa hakuna kitakachoharibika. Kinachoweza kuharibika ni mtoto kujifunza kwamba habari mbaya za shuleni hazipelekwi nyumbani.

Mwaka jana, mwezi wa saba, na baridi ya Uyole mwezi huo mnaijua, mwanangu wa darasa la pili aliingia ndani bila hata kusalimia, akapanda kitandani na viatu. Chai hakutaka. Sikumuuliza kitu. Nilimwita jikoni aje aote moto, nikamsogezea kigoda karibu na jiko la mkaa, tukaweka ungo katikati yetu na kuanza kuchambua maharage ya kesho. Nilichosema ni hiki tu: "Naona leo umerudi na huzuni, baba." Hakujibu. Alitoa kijiwe, akatoa punje iliyotobolewa, akaziweka pembeni kwa mpangilio kabisa. Tulikuwa tumeshapita nusu ya ungo ndipo akasema, macho yakiwa palepale kwenye maharage, "Madam kanisema." Kisha kimya. Kisha, "Wote wakacheka."

Mengine yalikuja taratibu. Alikuwa ameandika hesabu nyuma ya daftari la Kiswahili kwa sababu la hesabu lilijaa, na aliogopa kusema nyumbani kwa vile madaftari yalinunuliwa juzi tu. Mwalimu akalinyanyua lile daftari darasa zima lilione, akamwita mzembe.

Angalieni alichokitanguliza. Hakuanza na daftari wala neno "mzembe". Alianza na kicheko cha wenzake. Ningeanza na "Kwani ulifanya nini?" ningepata habari ya daftari, tungemalizana hapo, na kile kilichomchoma kingebaki kifuani mwake hadi usiku. Mtoto wa miaka saba au minane akiwa bado ana uchungu hawezi kukupa maelezo yaliyonyooka kama shahidi mahakamani. Mpe muda, mpe kazi ya mikono, usimkazie macho. Huku kwetu hakukosi kazi za namna hiyo: kumenya viazi, kupukuchua mahindi, kukunja nguo.

Na tafadhali, tuache "nyamaza, wewe ni mwanaume." Sipendi pia ile ya kumkimbizia soda au kumkabidhi simu ili asahau. Hasahau, ananyamaza tu.

Alipomaliza kusema nilimwambia mambo mawili. Kuandika hesabu kwenye daftari la Kiswahili ni kosa, na tutalirekebisha, daftari jipya tunapitia dukani kesho asubuhi. Lakini mzembe si wewe. Naona ni muhimu sana mtoto ayasikie yote mawili pamoja. Akisikia la kosa peke yake anaamini kwamba yeye ndiye kosa; akisikia la pili peke yake anaona mama yangu yuko upande wangu, mwalimu ni adui, na kesho hatasikia lolote darasani.

Asubuhi, kama nilivyotarajia, tumbo likauma. Wazazi wengi huona ni uongo, lakini hofu huuma tumbo kwelikweli, hata mkubwa mwenye usaili analijua hilo. Kama hana homa, hatapiki wala haharishi, mpe uji, msindikize, aende. Kukaa nyumbani siku moja kunaifanya siku ya pili iwe ngumu zaidi. Ila tumbo likiuma kila siku ya shule na kupona kila Jumamosi, hilo si la kupuuza. Kuna jambo shuleni.

Sasa mwalimu. Kiwango cha serikali kwa shule ya msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, kila mwenye mtoto shule ya serikali anajua madarasa yalivyofurika. Mtu anasimama tangu asubuhi, anasahihisha rundo la madaftari, anakutana na moja lililochanganywa hesabu na Kiswahili. Naelewa uchovu unavyomponyoka mtu mdomoni. Kuelewa huko ndiko kunakonifanya niende kuongea naye kwa adabu, na si sababu ya kutokwenda.

Kuna wanaokimbilia kundi la WhatsApp la wazazi. Mzazi mmoja anaandika, ishirini wanaongezea, na kufikia saa tatu usiku mwalimu ameshakuwa shetani bila kuulizwa swali hata moja. Na watoto wanayasoma hayo kwenye simu zetu. Mimi nilikwenda mwenyewe ofisini, saa ya mapumziko. Nikasalimia, nikaanza na upande wetu: daftari lilijaa, mtoto akaogopa kusema, hili hapa jipya. Kisha nikamweleza kilichomuumiza. Sikumwomba aombe radhi. Nilimwomba ampe mtoto kazi ndogo mbele ya wenzake.

Hapa ndipo nina msimamo ambao baadhi ya rafiki zangu hawakubaliani nao. Wao wanataka mwalimu akiri. Mimi naona aibu iliyompata mtoto mbele ya darasa haiondoki kwa maneno ya ofisini kati ya wakubwa wawili. Iliingia wenzake wakiona, itoke wenzake wakiona. Kukusanya madaftari, kufuta ubao, kutumwa chaki: watoto wetu wanagombania kazi hizo kwa sababu aliyetumwa anajua mwalimu anamwamini. Madam alikaa kimya kidogo, akasema, "Sawa mama, nimekuelewa." Wiki hiyo hiyo mwanangu alikusanya madaftari ya hesabu, na nyumbani alinitajia dawati kwa dawati nani alikuwa hajamaliza.

Kabla ya kwenda alikuwa ameniomba, "Mama, usije shuleni." Watoto wengi husema hivyo, na ombi hilo lisikilizwe. Tulikubaliana: nisiingie darasani, nisimtaje aliyecheka zaidi, nimwambie kwanza nitakachosema. Nikatimiza.

Hayo yote ni ya kugombezwa. Kipigo na matusi ni jambo jingine. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Mimi hata hivyo vinne sivipendi, lakini angalau mzazi ajue mpaka uko wapi. Mwaka 2016, hapa hapa Mbeya, nchi nzima iliona video ya walimu wa mazoezi wakimshambulia mwanafunzi wa sekondari. Mtoto akirudi na alama mwilini, au akiwa anatukanwa kila siku, muone mkuu wa shule, kamati ya shule, afisa elimu kata, ustawi wa jamii. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto ni bure, na Dawati la Jinsia na Watoto liko polisi. Hapo usisubiri mtoto akuruhusu.