Majahazi Saba au Jahazi Moja? Mwirani Anapochagua Mji wa Kukaa Kanada

Historia ya kale ya Kilwa inasimulia kwamba sultani wa Shiraz aliondoka kwao na wanawe sita kwa majahazi saba, na kila jahazi likatia nanga mahali pake. Moja lilifika Mombasa, jingine Pemba, jingine Kilwa, na la saba likaishia Anjouan huko Komoro. Wanahistoria wana mashaka mengi na hadithi hiyo, nami siitetei. Kinachonivutia ni kwamba msimulizi hakuwashusha wote bandari moja. Baba na wanawe, lugha moja, dini moja, na bado wakagawana pwani.

Mwirani anayetua Kanada leo na masanduku mawili mkononi ana swali hilohilo. Akae walikojaa wenzake, au atafute mji ambao hakuna atakayemsalimia kwa Kiajemi? Kila aliyemtangulia ana jibu tayari. Mmoja atamwambia, "Njoo huku, utasaidika." Mwingine atamwambia, "Ukikaa nao, Kiingereza utakisikia kwenye redio tu." Wote wawili wana ukweli wao, na ndiyo maana mabishano hayaishi. Ila huwa wanazungumza kana kwamba mhamiaji ni mhamiaji tu. Mfilipino au Mhindi ana ubalozi wa kwao na benki inayopokea hela za kwao. Mwirani hana.

Kwanza ramani. Sensa ya Kanada ya 2021 ilihesabu watu wapatao 200,000 wenye asili ya Iran, na kundi kubwa kuliko yote liko Toronto na miji inayoizunguka. Ukishuka kwenye treni ya chini ya ardhi kituo cha mwisho, Finch, ukafuata barabara ya Yonge kuelekea kaskazini hadi Thornhill na Richmond Hill, utapita mabango ya Kiajemi mlango baada ya mlango: mkate wa sangak, daktari wa meno, wakili wa uhamiaji, duka la kubadilishia fedha. Wenyewe hutania kwa kuuita mji Tehranto. Kundi la pili liko Vancouver, hasa North Vancouver kando ya barabara ya Lonsdale. Huko milima inainuka nyuma ya nyumba kama Alborz inavyoinuka nyuma ya Tehran ya kaskazini, na sidhani kama hilo ni jambo dogo kwa mtu aliyekua akiitazama theluji ya mlimani kila asubuhi. Montreal ni ya tatu, nayo inadai Kifaransa. Wengine wametawanyika Calgary, Edmonton, Ottawa na miji ya vyuo.

Sasa hoja ya kukaa pamoja. Septemba 2012 Kanada ilifunga ubalozi wake Tehran na kuwafukuza wanadiplomasia wa Iran kutoka Ottawa. Tangu hapo, Mwirani wa Toronto anayetaka kuhuisha pasipoti ya kwao, au kumpa ndugu yake mamlaka ya kuuza nyumba ya marehemu baba huko Isfahan, hupeleka karatasi zake Washington, kwenye ofisi ya Iran iliyo chini ya ubalozi wa Pakistani. Fomu ni nyingi, na kosa moja dogo linakurudisha mwanzo. Kando ya Yonge wapo watu wanaoishi kwa kazi hiyo ya kujaza fomu. Katika mji mdogo wa mkoa wa New Brunswick, mtu wa namna hiyo utamtafuta hadi uchoke.

Fedha ni ngumu zaidi. Julai 2020 serikali ya Kanada iliagiza kwamba kila muamala wa kutoka au kwenda Iran, hata uwe mdogo kiasi gani, uhesabiwe kuwa wa hatari kubwa. Kwa benki nyingi, hatari kubwa maana yake ni "samahani, hatuwezi." Na mgeni huyohuyo anatakiwa aonyeshe akiba yake, alipe kodi ya nyumba, alipe karo. Kinachobaki ni sarrafi, duka la fedha, na hawala ya mtu kwa mtu. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa hawala ni nini, wala hashangai kwamba neno letu sarafu lina mzizi mmoja na sarrafi. Anajua pia kwamba hawala husimama juu ya kufahamiana. Unampa hela zako mtu ambaye ukidhulumiwa utajua pa kumpata. Uaminifu wa aina hiyo hauhamishiki kwa simu kirahisi, unakaa mtaani.

Nyumba nayo vilevile. Mgeni hana historia ya mikopo wala barua ya mwajiri, na mwenye nyumba wa kawaida anataka vyote viwili. Mwirani mwenzake atampangisha besimenti kwa sababu anamfahamu mjomba wake. Hapo hapo ndipo tatizo linapoanza. Wairani wana adabu yao inayoitwa taarof: mwenye duka anakuambia "chukua tu, si kitu," nawe unatakiwa ujue kwamba ni kitu na ulipe. Dukani inapendeza. Kwenye mkataba wa nyumba inaumiza. Ontario, mkoa wa Toronto, inataka upangaji uandikwe kwenye fomu maalumu tangu 2018, lakini nani atamdai rafiki wa mjomba fomu? Bomba likipasuka Januari, aibu inakufunga mdomo kuliko sheria inavyoweza kuufungua.

Hivyo ndivyo ilivyo hata kwenye kazi. Mhandisi aliyesomea Tehran anapata kibarua dukani kwa binamu, "kwa muda tu, mpaka mambo yako yakae sawa." Bodi ya wahandisi wa Ontario iliondoa mwaka 2023 sharti la kuwa na uzoefu wa kazi ndani ya Kanada, sharti lililowatesa wengi kwa miaka. Mlango umelegea, lakini anayeufungua ni mwenye muda wa kujiandaa na wenzake wa fani anaowajua, na saa kumi za kusimama kwenye kaunta hazimpi kimoja wala kingine. Sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Binamu humpa jembe siku ya kwanza, na miaka mitano baadaye bado analishika lilelile.

Je, kuna ushahidi zaidi ya masimulizi? Upo, na unatoka Sweden, nchi nyingine iliyopokea Wairani wengi miaka ya 1980 wakati wa vita na Iraq. Kuanzia 1985 serikali ya huko iliacha kuwaruhusu wakimbizi wachague mji, ikawasambaza nchi nzima. Kwa mtafiti hiyo ni bahati, kwa sababu aliyepelekwa mahali hakujichagulia. Wachumi watatu walifuatilia matokeo na kuyachapisha mwaka 2003. Waligundua kwamba kuishi karibu na watu wa asili yako kuliongeza kipato cha wale wenye ujuzi mdogo, na kwamba jamii iliyokwisha kujimudu humfaa mgeni wake kuliko jamii iliyokwama.

Wapenzi wa Yonge hupenda kuishia hapo. Mimi nasoma pia kisichosemwa: faida iliyothibitishwa ni ya wenye ujuzi mdogo, na Mwirani anayeingia Kanada kwa mfumo wa pointi, unaompima mwombaji kwa umri, elimu na lugha, mara nyingi ana shahada, pengine mbili. Kwake mtaa ni kinga dhidi ya kuanguka. Sioni kama ni ngazi ya kupandia.

Wanaotetea kutawanyika wana kadi yao kubwa, nayo ni pointi zenyewe. Mkoa ukikuteua kupitia mpango wake, unapata pointi 600 za ziada, na hizo karibu zinamaliza kesi. Ndiyo maana mtu ambaye hajawahi kuisikia Saskatchewan anajikuta akisoma hali ya hewa ya Regina usiku. Baadaye, akishapata ukaazi wa kudumu, katiba inamruhusu kuishi na kufanya kazi mkoa wowote, kwa hiyo wengi huteuliwa huku na kuhamia Toronto. Sioni ubaya kwa aliyejaribu akashindwa. Lakini anayesaini kwamba ana nia ya kukaa Regina, na huku amekwisha kulipia chumba Richmond Hill, amesema uongo kwenye fomu ya serikali, na anawaharibia wanaokuja nyuma yake.

Alberta ni habari nyingine. Haina kodi ya mauzo ya mkoa, ina mafuta, na mhandisi wa petroli kutoka Ahvaz haoni haya kuitaja kazi yake Calgary. Kwamba Wairani wana maisha mazito nje ya Toronto na Vancouver, Kanada nzima ililijua kwa njia chungu. Tarehe 8 Januari 2020 makombora ya Walinzi wa Mapinduzi, jeshi la Iran, yaliidungua ndege ya Ukraine muda mfupi baada ya kuruka Tehran. Watu wote 176 walikufa, na 138 kati yao walikuwa safarini kuja Kanada. Chuo Kikuu cha Alberta, Edmonton, kilipoteza walimu wawili wa uhandisi, mke na mume, pamoja na binti zao, na wanafunzi kadhaa. Hapo ilionekana kwamba kuna jamii ya Kiirani isiyo na mtaa wa maduka, iliyojengwa kwenye maabara na kumbi za mihadhara, nayo ililia pamoja kama jamii yoyote.

Liko jambo ambalo washauri wengi hulipita kimya. "Wenzako" ni akina nani hasa? Aliyekimbia 1979 na picha ya Shah, mfalme aliyepinduliwa, ukutani, mtu wa siasa za mrengo wa kushoto aliyefungwa miaka ya 1980, muumini wa dini ya Bahai aliyenyimwa chuo, Mkurdi, Mwazeri, mwanafunzi wa udaktari aliyekuja 2015, msichana aliyeondoka baada ya maandamano ya 2022. Tarehe 1 Oktoba mwaka huo, polisi walikadiria zaidi ya watu 50,000 kwenye barabara ya Yonge, Richmond Hill, wakimlilia Mahsa Amini, msichana aliyefia mikononi mwa polisi wa maadili wa Iran. Mtaa uleule, mapema mwaka huo, mkuu wa zamani wa polisi wa Tehran alionekana akifanya mazoezi kwenye ukumbi wa kawaida. Fikiria umelipia safari yako kwa nyumba ya urithi ili umkimbie mtu, kisha umkute kwenye mashine ya kukimbilia pembeni yako. Wapo Wairani wanaowakimbia Wairani, na si wachache. Kwao mji wa mbali kama Halifax hauna upweke, una pumzi.

Nikilazimishwa kuchagua upande, nasema hivi: mwaka wa kwanza, mtaa. Karatasi, hela na besimenti vinataka watu, na hakuna kiburi kinacholipa kodi. Ila mkataba uwe wa mwaka mmoja, ulioandikwa, na jembe la binamu liwe na tarehe ya kurudishwa. Mwenye kazi mkononi Calgary au nafasi ya utafiti Montreal asiiache kwa ajili ya mkate wa sangak.

Lakini nasema hivyo nikiwa namfikiria mhandisi, na huenda nimekosea kuanza na yeye. Anayeamua mji huwa ndiye mwenye kazi. Anayeuishi ule mji mchana ni mwingine. Kwa viza maalumu ya wazazi, mama anaweza kukaa hadi miaka mitano kwa ingizo moja. Mwana yuko ofisini, wajukuu shuleni, na Kiingereza cha mama ni "thank you" na "no problem." Jirani yangu mmoja, aliyeanza maisha mji mdogo wa mashariki na alikuwa na kazi nzuri tu, alihamia karibu na Finch mama yake alipofika. Mshahara wake ulipungua, kodi ikapanda. Asubuhi namwona yule mama akirudi na mkate mrefu umefungwa kwenye karatasi, akisimama kila baada ya hatua chache kwa sababu kuna mtu wa kuzungumza naye.