Kitufe cha mlango na pua ya mbwa

Mbwa msaidizi wa mtu anayetumia kiti cha magurudumu hufundishwa kuwasha taa, kufungua mlango, hata kuita lifti. Shida ni kwamba vitufe vyote hivyo vilitengenezwa kwa ajili ya kidole cha binadamu: vidogo, vimezama ukutani, vya chuma kinachoteleza. Kikiwa chekundu ndiyo balaa zaidi, maana macho ya mbwa hutofautisha vizuri buluu na njano, ila nyekundu na kijani humchanganya. Basi anasimama kwa miguu ya nyuma, anaparua ukuta, anakosa, anarudia, na mwenyewe amekaa tu anangoja.

Watafiti wa Open University, Uingereza, chini ya Clara Mancini, waliamua kuanzia puani. Kitufe chao ni cha buluu, kipana, kimebinuka kidogo, na uso wake unakwaruza ili pua yenye unyevu isiteleze. Huko Marekani, watafiti wa chuo kikuu cha Georgia Tech walibuni koti la mbwa lenye vihisi: mbwa akivuta kitu kilichoshonwa ubavuni, ujumbe wa kuomba msaada unatumwa.

Wapo wanaouliza, ya nini yote haya wakati taa siku hizi huwashwa kwa sauti? Hoja ina uzito. Mafunzo ya mbwa mmoja yanaweza kufika miaka miwili, na watu wengi wenye ulemavu hawatampata kamwe. Mlango unaojifungua humfaa kila mtu. Kwa majengo ya umma ningeutaka huo kwanza, mwenye jengo asije akabandika kitufe cha mbwa akadhani amemaliza kazi.

Lakini vifaa vya sauti huwasikia vibaya watu ambao ulemavu wao umegusa usemi. Na aliyeanguka bafuni, simu ikiwa sebuleni, anahitaji mbwa anayejua pa kubonyeza.

Kinachonitia shaka ni koti. Kuvuta ni mchezo wa mbwa. Akichoshwa na kungoja, ataita gari la wagonjwa bure. Tena kila kifaa kipya humwongezea kazi, naye hawezi kulalamika ila kwa kugoma. Akigoma, mbunifu asikimbilie kulaumu mafunzo. Akague kwanza kama mnyama analazimika kuruka, na kama ndivyo, kitufe kishushwe, hata ikibidi ukuta utobolewe upya.