Mishahara ya watumishi wa wakfu wa jamii: tunauliza swali lisilo lenyewe

Ripoti ya mwaka ya wakfu wa jamii ikitoka, wasomaji wengi hukimbilia ukurasa mmoja tu, ule wa gharama za uendeshaji. Wanatazama fungu la mishahara, wanalipima na fungu la ruzuku, na hukumu inatoka papo hapo: hawa wanafanya kazi, au hawa wanakula. Hasira iliyo nyuma ya hukumu hiyo naielewa, na sehemu yake ni ya haki. Ila naona inaelekezwa pasipostahili.

Wakfu wa namna hii hukusanya michango ya watu wengi wa eneo moja, ukaiwekeza, na faida yake ikatolewa ruzuku kwa vikundi, shule na huduma za eneo hilohilo. Wa kwanza ulianzishwa Cleveland, Marekani, mwaka 1914, na Frederick Goff, mwanasheria aliyekuja kuwa mkuu wa benki. Goff alikuwa ameona jinsi mali za wosia zinavyokwama: marehemu ameacha fedha kwa ajili ya shida fulani, shida yenyewe imekwisha zamani, na hakuna mwenye mamlaka ya kuzipeleka kwingine. Dawa aliyoipata ni kuwapa walio hai uwezo wa kubadilisha matumizi kadiri mahitaji yanavyobadilika. Wazo hilo limeenea sana. Afrika Mashariki tunao mfano wa Kenya Community Development Foundation, ulioanzishwa mwaka 1997.

Sasa, fedha haiwezi kujua yenyewe kwamba mahitaji yamebadilika. Lazima awepo mtu wa kwenda kuangalia. Wakfu wa Cleveland ulilitambua hilo tangu mwanzo, kwani katika miaka yake ya awali, kabla mapato ya kugawa hayajawa ya maana, kazi yake kubwa ilikuwa uchunguzi. Ulichunguza shule za mji ule, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1920 ukachunguza polisi, mahakama na magereza, chini ya wanasheria Roscoe Pound na Felix Frankfurter. Kwa hiyo watu wa kuuliza maswali walitangulia hundi.

Kazi hiyo ya kuuliza ndiyo isiyoonekana kwenye hesabu. Chukua kikundi kinachohudumia wagonjwa majumbani, kimeomba fedha za kununua gari. Kwenye karatasi ombi limekamilika. Afisa wa ruzuku anakwenda, anaomba daftari la ziara, anakaa nalo. Anaona kwamba siku ambazo wagonjwa hawakufikiwa hazihusiani na umbali. Ni siku ambazo zamu ilikuwa na mhudumu mmoja tu, na mtu mmoja hawezi kumwinua mgonjwa aliyelala kitandani muda mrefu. Anawauliza, wanakiri. Waliomba gari kwa sababu walisikia wafadhili hupenda kununua vitu, hawapendi kulipa watu. Ombi linaandikwa upya, safari hii la posho ya mhudumu wa pili. Katika hesabu za mwaka, saa za afisa yule zitaingia upande wa gharama, na gari lisilonunuliwa halitatajwa popote.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaosema kazi hii ifanywe kwa kujitolea. Wanaoweza kufanya kazi nzito miaka nenda miaka rudi bila malipo ni wale ambao tayari wana cha kuwaweka mjini. Tukiwaachia wao peke yao, fedha za jamii zitaamuliwa na wenye nafasi, na mtu aliyewahi kusimama upande wa pili wa dirisha akiomba hatakuwemo ndani. Hata mashirika yanayopima asasi za hisani yamelainika katika hili: mwaka 2013 matatu kati ya makubwa ya Marekani, yakiwemo GuideStar na Charity Navigator, yaliwaandikia wachangiaji barua ya wazi yakiwasihi wasiipime asasi kwa asilimia ya gharama za uendeshaji pekee.

Lakini wanaonung'unika nao wana hoja, tena nzito kuliko ile ya mishahara kuwa mikubwa.

Kwanza, wakfu nyingi huwalipa watumishi wake mishahara ya kila mwezi, halafu zinaweka kwenye masharti ya ruzuku kwamba fedha hizo zisitumike kulipa mishahara. Afisa mwenye mkataba, bima na likizo anamwambia mratibu wa kikundi kwamba kazi yake ni ya moyo. Hili linaudhi, na lina haki ya kuudhi. Kama ujuzi wa watu unastahili kulipiwa ofisini kwa mtoaji, unastahili kulipiwa kwa mpokeaji pia.

Pili, ukaribu ambao nimeusifu hapo juu una sumu yake. Mtumishi anayelijua eneo anawajua pia watu wake: huyu alisoma naye, yule ni shemeji yake, yule mwingine waligombana kwenye kamati. Hata akiwa mwadilifu, anazungukwa na tabasamu. Nani atamwambia ukweli mtu atakayesoma ombi lake mwaka ujao? Mtumishi anaweza kumaliza miaka mingi kazini akisifiwa kila siku, asijue kwamba vikundi vinamwogopa.

Tatu, na hapa ndipo penye kiini, ni chanzo cha mishahara yenyewe. Wengi hudhani inamegwa kutoka kwenye ruzuku. Kwa kawaida wakfu hutoza ada ya usimamizi kwenye kila mfuko unaoutunza, mara nyingi kati ya asilimia 1 na 2 ya thamani yake kwa mwaka. Mifuko ikinenepa, ofisi inapumua. Ipo pia mifuko ambayo mchangiaji mwenyewe hushauri fedha ziende wapi, utaratibu ulioanza mwaka 1931 katika New York Community Trust. Sasa fikiria asubuhi moja ofisini. Simu ya mchangiaji mwenye mfuko mkubwa inaita, na nje amekaa mweka hazina wa kikundi aliyekuja kuuliza kwa nini ombi lao limekataliwa. Mtumishi hahitaji kuwa mbaya ili aanze na simu. Muundo wa ada umeshamwelekeza.

Kwa sababu hiyo, kelele za kupunguza mishahara zinaweza kuongeza tatizo lilelile. Ofisi ikibanwa, wa kwanza kupunguzwa ni wale wanaokwenda vijijini na mitaani kusoma madaftari. Wa mwisho ni wale wanaohudumia wachangiaji, kwa kuwa hao ndio wanaoleta ada. Fungu la mishahara litaonekana zuri kwenye ripoti, na wakfu utakuwa umepofuka.

Mimi ningependa bodi za wadhamini zibanwe kwa maswali mengine. Watumishi wangapi wanashughulikia wachangiaji, na wangapi wanashughulikia waombaji? Mtumishi mwenye undugu au ugomvi na mwombaji hutoka kwenye kikao, na kutoka kwake huandikwa? Aliyekataliwa hupewa sababu anayoweza kuifanyia kazi, au hupewa barua ya mistari miwili inayoshukuru kwa kuomba? Ruzuku zinaruhusu mishahara ya wanaofanya kazi?

Kuhusu hofu ya vikundi, njia ipo. Center for Effective Philanthropy ya Marekani kwa miaka mingi imekuwa ikiwahoji wapokeaji wa ruzuku bila kutaja majina yao, kisha ikiwapa watoaji picha ya jinsi watumishi wao wanavyoonekana. Wakfu mdogo usioweza kuilipia huduma kama hiyo unaweza kumwomba mtu wa nje anayeaminika akusanye maoni kwa siri. Sharti langu moja ni kwamba dodoso lisiishie kwa waliopata. Waliokataliwa nao waulizwe, na anayeuliza asiwe yule aliyetia saini barua ya kuwakatalia.